Miiba Juu ya Kitufe cha Kijani

Maji matamu kuliko yote pale Mwingi hayakuwa ya kunywa. Yalikuwa ya mashine.

Nieleze vizuri, kwa sababu hata leo nikisimulia jambo hili watu hunitazama kama mtu mwenye roho mbaya. Karakana yetu ilikuwa ya kanisa, nyuma kidogo ya barabara ya Garissa, mahali ambapo malori ya ng'ombe yalipopita vumbi liliingia mpaka ndani ya droo. Paa lake la mabati lilikuwa kubwa, na chini ya paa hilo palikuwa na tangi la saruji la kukinga mvua. Maji ya kisima cha mji yalikuwa na chumvi. Watu waliyanywa, wakayapikia chai, wakazoea. Mashine haikuzoea. Mashine yetu mpya, ya kukereza chuma kwa kuongozwa na kompyuta, ilitaka maji ya mvua tu.

Ilikuja miaka ya tisini mwanzoni, imetumika tayari ng'ambo, zawadi ya marafiki wa kanisa. Mimi nilikuwa mwalimu wa karakana, na nilipelekwa Nairobi kusomea namna ya kuiendesha. Niliporudi nikawa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote: kueleza. Napenda kueleza. Mtu asipoelewa mara ya kwanza sichoki, nachukua chaki tena.

Basi nilichora ubaoni. Kisu kinapokata chuma, nikasema, moto unazaliwa pale ncha inapogusa. Moto ukizidi, ncha inakufa na chuma kinaharibika. Kwa hiyo kuna bomba linalomwaga kulanti juu ya ncha. Kulanti ni maji ya mvua yaliyochanganywa na oili maalumu, yanakuwa meupe kama maziwa. Yanapoza, yanalainisha, yanasukuma vinyuzi vya chuma vilivyokatika viende zao. Halafu yanateremka kwenye beseni chini ya mashine, yanachujwa, na pampu inayarudisha juu. Ni maji yale yale, yanazunguka.

"Ukitia ya chumvi," nikaongeza, "yanakatika kama maziwa yaliyolala juani, na reli za mashine zinaota kutu."

Walitikisa vichwa wote. Aliyetikisa zaidi ni fundi wangu mkubwa, mwanamume mwenye mikono mipana, mzaliwa wa upande wa Migwani. Kwa mkono wake hakuna lethi, ile mashine ya zamani ya kukereza, iliyomshinda. Ndiye niliyemchagua awe mwendeshaji wa mashine ya kompyuta, na ndiye aliyekaribia kunitia wazimu.

Shida ilianzia kwenye swichi moja. Mashine ilikuwa na swichi ya kuzungusha yenye alama mbili kubwa, otomatiki na mkono. Kwenye otomatiki kompyuta inafuata programu: inakata, inamwaga kulanti, inasukuma matone ya oili kwenye reli kila baada ya muda wake. Ukitaka kupima kipande au kuondoa vinyuzi vilivyojisokota, unasimamisha, unazungusha kwenye mkono, unasogeza kisu kando kwa gurudumu dogo. Ukimaliza unarudisha otomatiki, unabonyeza kitufe cha kijani, kazi inaendelea pale ilipoachwa.

Mahali penye hatari ni hapo katikati. Ukihamia mkono, kompyuta inakuachia wewe mambo ambayo ilikuwa inayafanya yenyewe. Oili ya reli haiji tena, lazima uvute kiwiko, kijiti cha chuma kilichoko ubavuni mwa mashine. Kulanti inabaki ilivyokuwa: kama ilikuwa inamwagika, inaendelea kumwagika. Kuna kitufe cha kuizima, lakini ukiizima kwa kitufe hicho kisha ukarudi otomatiki katikati ya kazi, kompyuta haitaiwasha. Amri ya kuiwasha iko mwanzoni mwa programu, na mwanzo umeshapita. Inakata kavu.

Hilo lilitupata wiki za kwanza. Ncha moja iliungua ikawa nyeusi kama punje ya mahindi iliyoanguka mekoni. Nikawaita wote, nikachora tena, nikasema kwa sauti ya upole, "Jamani, kitufe cha kulanti kisiguswe. Kisiguswe kabisa."

Fundi wangu hakukigusa tena. Ninamshuhudia. Alichofanya ni kufunga koki.

Juu ya bomba la kulanti, karibu kabisa na kisu, palikuwa na koki ndogo ya shaba ya kupunguza au kuongeza maji. Kila alipohamia mkono, kabla hajashika kifaa cha kupimia, alinyoosha mkono akaifunga. Pampu iliendelea kunguruma chini. Taa ya kulanti iliendelea kuwaka. Kompyuta ilijua maji yanakwenda, na maji hayakuwa yanakwenda.

"Kwa nini umefunga?" nikamuuliza mara ya kwanza.

"Si inamwagika bure, mwalimu? Hakuna kitu inakata."

"Haimwagiki bure. Inarudi kwenye beseni."

"Sawa. Lakini si ukiona unaona inamwagika?"

Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia. Mtu aliyekua akichota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, akakaa kando ya shimo akingoja yatoke kata kwa kata, hawezi kusimama mbele ya bomba lililo wazi akasoma maikromita, kile kifaa cha kupimia. Mkono wake unaenda wenyewe. Sisi wote tulikuwa hivyo. Mimi ni wa Tawa, na kwetu nyumbani maji ya kunawa mikono yalimwagiwa mche wa mpapai. Hata mlinzi wa karakana, mzee Mwislamu kutoka kaskazini aliyechunga ngamia ujanani, akipita karibu na mashine alikuwa anageuza uso.

Cha kuchekesha, oili hakuionea huruma. Oili ya reli ilikuja kwa pipa, zawadi, haikutoka mbinguni. Kwa hiyo akihamia mkono alifunga maji kwa uchungu, kisha akavuta kile kiwiko cha oili mara nyingi kama anayekamua ng'ombe. Oili iliyozidi iliteremka kwenye beseni, ikaelea juu ya kulanti, na baada ya siku chache za joto la Mwingi karakana yote ikanuka yai viza.

"Vuta kidogo tu," nikamwambia. "Reli zikishang'aa inatosha."

"Mwalimu, mashine ya wazungu hii. Wacha ikule."

Nilijaribu kila njia. Niliandika kwa rangi nyekundu ukutani: FUNGUA KOKI. Baada ya wiki mbili maandishi yalikuwa sehemu ya ukuta, hakuna aliyeyaona. Niling'oa mkono wa koki nikautia mfukoni, nikaenda kunywa chai nikiwa nimeridhika. Niliporudi nilikuta ameukunja mpira wa bomba na kuufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Nilirudisha mkono wa koki. Koki angalau hukumbukwa. Tyubu inasahaulika kabisa.

Maana hiyo ndiyo iliyokuwa shida. Mara nyingi alikumbuka kufungua. Mtu akikosea kila mara unajua umlinde vipi. Huyu alikosea mara moja moja, siku ambayo mtu amemwita mlangoni, au amepita mwuza mbuzi wa kubishana naye. Siku hizo tulipoteza ncha, na mimi nilipoteza sauti.

Ndipo kiangazi kikaja, na katikati yake akaja mama mmoja kutoka upande wa Migwani, na chuma kimefungwa ndani ya leso.

Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kisima cha kijiji chao, mwanamke mrefu wa kanisani, kitambaa cheupe kichwani. Fundi wangu alipomwona aliacha kazi, akafuta mikono, akaenda kumsalimu kwa kuinama. "Mwaitu," akamwita, ndiyo "mama" kwa Kikamba. Walikuwa wa kijiji kimoja. Kisima chao ndicho kilichonywesha nyumba ya fundi, mke wake, watoto, na mbuzi wake.

Shafti ya pampu, ule mhimili wake wa chuma, ilikuwa imekatika. Mama alitoa vipande viwili akaviweka juu ya meza yangu. Kisha akafungua leso yote, ukatokea mche wa chuma kisichoshika kutu, mpya, unang'aa. Kamati ilihangaika kuupata. Hakukuwa na mwingine, si Mwingi wala Kitui.

"Mwalimu," akasema, "watu wamerudi kuchimba mtoni. Wanaamka na nyota. Juzi wasichana wawili wamepigana kwa shimo, mmoja amevunjwa jino. Hii ikiharibika sina ingine. Nitangoja hapa."

"Mwaitu, itachukua muda. Enda mjini upumzike."

"Nitapumzika na nini, na hiyo ikiwa kwenu?" Akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia karibu na mlango.

Chuma cha aina ile ni kigumu na kina kinyongo. Kikipata moto kinakuwa kigumu zaidi pale pale ulipokigusa, na kisu kinachofuata kinateleza badala ya kukata. Kukikata kavu ni kukiharibu. Nilimwita fundi kando, nikashika bega lake.

"Leo koki usiiguse. Nakuomba. Leo tu."

"Mwalimu, ni kisima changu. Unafikiri nitacheza?"

Tulianza. Mkato wa kwanza ulikwenda vizuri, kulanti nyeupe ikimwagika kwa wingi, na mama kwenye ndoo akashika kidevu. "Aiya! Mnakiogesha maziwa?" Fundi akacheka. "Ni maji, mwaitu. Ya mvua." Mama aliangalia yale maji, akaangalia tangi la nje, akaangalia tena yale maji. Niliona fundi akimwona anavyoangalia.

Ulipofika wakati wa kupima, fundi alisimamisha, akazungusha swichi kwenye mkono, akasogeza kisu kando. Kulanti ikawa inamwagika juu ya kitu kisichokatwa, mbele ya mwenyekiti wa kamati ya kisima kisichotoa maji. Mkono wake ukanyooka. Akafunga.

Mimi wakati huo nilikuwa upande wa pili, nikitafuta ncha ya kumalizia kwenye droo. Nilisikia swichi ikirudi otomatiki. Nilisikia kitufe. Sauti ya kukata haikuwa ile ya maji, ilikuwa nyembamba, kama mtu anayekwaruza sufuria. Halafu harufu.

"Koki!" nikapiga kelele. "Simamisha! Simamisha kwanza!"

Alisikia neno la kwanza tu. Akaifungua koki kwa nguvu, maji baridi yakaiangukia ncha iliyokuwa nyekundu. Ukifanya hivyo ncha inapasuka, ni kama glasi ya moto unapoitia maji ya mtungi. Ilipasuka. Kipande kilichobaki kikachimba mfereji kwenye shafti kabla hajabonyeza kitufe chekundu.

Pampu tu ndiyo ilikuwa inanguruma. Taa ya kulanti inawaka vizuri kabisa.

Mama alisimama kutoka kwenye ndoo. Alikuja akaupitisha ukucha kwenye ule mfereji, ukucha ukakwama.

"Nimekuambia mara ngapi?" nikamwambia fundi. Sikumbuki kama nilipaza sauti, lakini mlinzi alikuja mlangoni, kwa hiyo nadhani nilipaza. "Nimechora, nimeandika ukutani, nimekuomba kwa jina la kisima chako mwenyewe! Nikupe nini ndio usiguse hiyo koki?"

Fundi naye akanigeukia. "Sasa nifanye nini, mwalimu? Mkono umeenda! Nikisema sitafunga nitakuwa nakudanganya. Nikiona maji inaenda, nafunga. Hata kwangu nikilala nafunga. Kama hutaki nisahau, si uniwekee miiba hapo kama kwa kisima!"

Alisema kwa hasira, kunitukana. Mama alifyonya. Mlinzi akacheka pumzi moja kisha akajizuia. Mimi nikabaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa nimeiona akilini picha ya miiba hiyo.

Asiyetoka kwetu huenda haijui. Shimo la maji mtoni likishachotwa halikai wazi. Anayeondoka anavuta tawi la miiba ya mgunga analifunika, mbuzi na punda wasiingize midomo. Anayekuja hawezi kuchota bila kuliondoa, na kila mtu huliondoa, kwa sababu kata haipiti. Hakuna anayeandika FUNGUA SHIMO. Hakuna anayesahau. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kumfundisha mkono wake usifunge maji, na mkono ule ulifundishwa kufunga na mama yake kabla yangu. Lakini mama yake huyo huyo aliufundisha jambo la pili, ambalo mimi sikuwahi kuliomba.

"Nenda ukate," nikamwambia.

"Nikate nini?"

"Miiba. Pale nyuma ya choo. Kitawi kidogo."

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Akaenda. Alirudi na kitawi cha urefu wa kiganja, miiba myeupe pande zote. Nikakifunga uzi, nikakitundika kwenye koki.

"Sikiliza. Funga koki ukitaka. Sikukatazi tena. Lakini ukifunga, unatoa miiba hapa, unaiweka juu ya kitufe cha kijani. Kama kwa kisima. Ukitaka kubonyeza kitufe utaiondoa, na mahali pake pa kuirudisha ni hapa kwenye koki. Ukifika kwenye koki, utafungua."

"Na nikisahau kuiweka?"

"Uliwahi kuacha shimo bila miiba?"

Mama ndiye aliyejibu. "Huyu? Huyu alichapwa nayo akiwa mdogo. Hawezi."

Bado tulikuwa na shafti yenye mfereji. Nilimweleza mama yote, pole pole, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua. Mfereji ulikuwa mahali panapoingia bushi ya shaba, ile pete inayoishika shafti. Tungeweza kukereza sehemu ile iwe nyembamba mpaka mfereji uishe, halafu tutengeneze bushi nyingine yenye tundu dogo ilingane. Ingekuwa nyembamba kuliko ilivyopaswa. Si mbaya sana, lakini si ile niliyotaka kumpa.

"Itashika?"

"Itashika, mkiipiga kwa adabu. Watoto wasiirukie."

"Na ukikata tena ikiharibika?"

"Basi imekwisha, mwaitu. Hakuna nyama ya kukata mara ya tatu."

Alirudi kwenye ndoo yake. "Kateni."

Nilibadilisha ncha mwenyewe. Niliandika programu fupi, na amri ya kulanti nikairudia kabla ya kila mkato, jambo ambalo ilifaa niwe nimelifanya tangu zamani, ingawa lisingesaidia kitu mbele ya koki iliyofungwa. Chuma kilikuwa kimekuwa kigumu pale kilipoungua, kwa hiyo tulilazimika kuingia chini ya ule ugumu kwa mkato mmoja wa kina. Kulanti ikafunguliwa yote.

Katikati ilibidi kupima. Fundi akasimamisha, akazungusha swichi. Mkono ukanyooka kwenye koki, na wala sikushangaa. Akafunga. Akatoa kitawi, akakiweka juu ya kitufe cha kijani. Akavuta kiwiko cha oili mara moja, akanitazama, akaacha. Akapima, akasema kipimo, nikakubali. Akarudisha otomatiki.

Kidole chake kikaenda kwenye kitufe bila yeye kuangalia, kama kilivyokuwa kinaenda kila siku.

"Aaah!" Akaruka nyuma, akatia kidole mdomoni, akasema neno la Kikamba ambalo mwenyekiti wa kamati alijifanya hakulisikia. Kisha akachukua kitawi, akakipeleka kwenye koki, akafungua. Maziwa yakamwagika. Ndipo akabonyeza.

Ilikata vizuri mpaka mwisho.

Mama aliondoka jioni ile na shafti ndani ya leso, na bushi mfukoni mwa sweta, akapanda pikapu ya mwuza mbuzi. Fundi alikwenda naye kuifunga. Jumatatu alirudi na chupa ya maji, akaiweka juu ya meza yangu mbele ya watu.

"Onja."

Nikaonja. Chumvi tupu.

"Inatoka?"

"Inatoka. Inapiga kelele kidogo, lakini inatoka. Watu wamepanga foleni mpaka kwa shule. Mwaitu amesimama hapo na fimbo, mtoto akiruka kwa mpini anachapwa."

Nilifurahi, sitaficha. Nikamrudishia chupa, nikamwambia asithubutu kuiweka karibu na mashine. Nikadhani kwamba baada ya yote yale, sasa angeliacha bomba limwagike, kwa sababu alikuwa ameona kwa macho yake kilichotaka kupotea. Asubuhi ile ile alianza kazi, akafika mahali pa kupima, akazungusha swichi, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye koki.

"Bado unafunga?"

"Si nimeweka miiba?"

Nikavuta pumzi, nikachukua chaki. Nilikuwa nimeshachora beseni na nusu ya bomba nilipokumbuka kwamba mchoro huo anaujua kuliko mimi. Nikaufuta kwa kiganja, nikaenda nyuma ya choo kukata kitawi kingine, maana kile cha kwanza kilikuwa kimeanza kukauka na miiba yake inakatika.